Jina la Tano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hayat alifagia kibaraza cha nyumba yao mtaani Langoni, kisiwani Amu, akanyunyiza maji kidogo ili vumbi litulie, kisha akanywa chai kwa mkate wa sinia uliobaki jana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika Gredi ya Sita. Kila siku mama yake alimwambia asichelewe njiani, na kila siku alichelewa mahali pale pale, mlangoni kwa Fundi Ghassan.

Fundi Ghassan alichonga milango, vibao vya majina na mara nyingine mawe. Hayat alipenda kumtazama. Kilichomshangaza ni kwamba Fundi alipotaka kukagua kazi yake, hakuielekeza kwenye mwanga. Aliigeuza ikakaa ubavu kwa mlango, mwanga ukawa unapita juu yake kutoka upande.

"Mbona unaigeuza, Fundi?" Hayat aliuliza siku moja.

"Mwanga wa mbele ni mwongo," Fundi alijibu akipuliza unga wa mbao. "Unaficha makosa yangu. Wa ubavuni unatia kivuli katika kila mfuo wa patasi, nikaona palipokosewa. Haya, mwanangu, kimbia. Kengele ile yalia."

Jumanne hiyo mkoba wa Hayat ulikuwa mwepesi. Mwalimu Huwaida alikuwa amewaagiza walete daftari moja tu, penseli, rula na kipande cha makaa.

"Makaa?" mama yake alishangaa. "Mwaenda kupika?"

"Sijui, Mama. Mwalimu hakusema hata ni somo gani."

Walipofika shuleni hawakuingia darasani. Mwalimu Huwaida aliwapanga mstari, akawaongoza vichochoroni hadi ukingo wa bahari, nyuma ya ghala kuukuu. Hapo palikuwa na nguzo ya mawe ya matumbawe iliyopakwa chokaa, ndefu kumpita mtu mzima. Ilikuwa na pande nne, na kila upande ulikuwa na majina matano yaliyochongwa kwa herufi za Kiarabu. Watoto waliiita Jiwe la Wapagazi. Walicheza kibe hapo, wakajificha nyuma yake, wala hawakuwahi kuuliza wapagazi walikuwa kina nani.

"Hawa ni wanaume ishirini wa visiwa vyetu," Mwalimu alisema. "Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Waingereza iliwachukua wakabebe mizigo ya jeshi. Walibeba unga, maji na risasi kichwani, wakatembea kwa miguu hadi nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi."

"Walipigwa risasi, Mwalimu?" aliuliza Harith, mvulana mwenye sauti kubwa kuliko wote darasani.

"Wapagazi wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara na njaa. Walikunywa maji yoyote waliyoyakuta."

"Basi hili ni somo la afya," alisema Fairuz, rafiki yake Hayat.

"Ah! Ni Sayansi Jamii," Harith alimpinga. "Vita ni historia."

"Msigombane," Mwalimu alisema. "Mtaniambia mwishoni."

Juu ya majina palichongwa mwaka: 1335. Harith aliuandika, akafanya hesabu ya kutoa haraka, kisha akapaza sauti.

"Mwalimu! Mwaka huu ni 2025. Walikufa miaka mia sita na tisini iliyopita!"

"Mashaallah," Mwalimu alisema. "Na Waingereza walikuwa Amu miaka mia sita na tisini iliyopita?"

Darasa zima lilicheka. Harith alikuna kichwa.

"Huo ni mwaka wa Hijria," Hayat alimwambia. "Sasa ni 1447. Ukitoa unapata mia moja na kumi na miwili."

"Vizuri," Mwalimu alisema. "Lakini kwa kalenda ya ukutani imepita miaka mia moja na minane na zaidi ya nusu. Ile mingine imekwenda wapi?"

Hayat alitazama bahari huku akihesabu kwa vidole. "Mwaka wa mwezi ni mfupi," alisema polepole. "Ndiyo maana Ramadhani haikai mahali pamoja. Mwaka huu siku hii, mwaka ujao imerudi nyuma kama siku kumi na moja."

"Zidisha kumi na moja mara mia moja na kumi na mbili uone."

Hayat alizidisha. Alipata siku elfu moja mia mbili thelathini na mbili, zaidi ya miaka mitatu! Moyo ulimruka kwa furaha. Hakuwahi kufikiri kwamba hesabu ya darasani na mwezi wa chuo cha Kurani vingeweza kukutana kwenye jiwe.

Ndipo Mwalimu alipoeleza kazi yenyewe. Chumvi ya bahari ilikuwa inalila jiwe. Fundi Ghassan angechonga majina yale upya kwenye bamba jipya, na angeanza kuchonga Jumamosi. Wanafunzi wangeyanakili, wawili wawili.

"Fundi hatakuja kusoma hapa. Atachonga mtakachompa," Mwalimu alisema. "Kwa hiyo andikeni mnachokiona. Watakaomaliza wa kwanza, Alhamisi watakwenda kumsaidia kuchora mstari wa juu wa bamba."

Hayat alimshika Fairuz mkono. Kuchora kwenye bamba la Fundi Ghassan! Alikuwa amesimama mlangoni pale kwa miaka miwili, na hata siku moja hajawahi kuingia ndani.

Walipewa upande wa mashariki, unaotazama bahari. Waliweka karatasi juu ya jiwe, wakasugua makaa taratibu. Penye mchongo pakabaki peupe, na jina likajitokeza kama mtu anayechungulia dirishani. La kwanza lilitoka, na la pili, la tatu na la nne.

La tano halikutoka. Hapo chini jiwe lilikuwa limejaa vitundu vya chumvi, na karatasi ikawa na madoa matupu. Walibadilisha karatasi. Madoa tena. Hayat alikodoa macho, lakini jua la asubuhi lilipiga sawasawa usoni mwa jiwe, pote pakawa peupe.

Upande wa pili, Harith alipiga kelele, "Sisi tumebakisha moja!"

Wakati huo huo punda aliyebeba magunia ya chokaa alipita nyuma yao. "Ndia! Ndia, jamani!" mwenye punda alikuwa akiita watu wampishe. Mama mmoja aliyeuza vikapu akamfokea, "We Mohdhar wa Bakr! Mzuie punda wako, anatafuna kikapu changu!"

Hayat aliinama. Mkono wake uliandika wenyewe, kama ulikuwa ukingojea: Mohdhar bin Bakr.

"Hilo umelitoa wapi?" Fairuz aliuliza.

"Nimelisoma."

"Mimi sioni kitu."

"Macho yako yana mchanga. Twende!"

Fairuz alilitazama jiwe, akamtazama rafiki yake. Kisha akamfuata, kwa sababu hakuwahi kudanganywa naye. Walikuwa wa kwanza.

Usiku ule Hayat hakufurahi kama alivyotarajia. Alijiambia kwamba mtu mwenyewe amekufa zaidi ya miaka mia, jina lake limeliwa na chumvi, na hakuna anayemjua. Nani atauliza?

Alhamisi saa nne, Mwalimu Huwaida aliwapeleka Hayat na Fairuz kwa Fundi. Hatimaye Hayat alivuka kizingiti kile. Ndani palinuka mbao na chokaa. Bamba jipya lilikuwa limelazwa juu ya meza, na Fundi alikuwa amekwisha kuyaandika majina yote ishirini kwa penseli, tayari kuchongwa. Juu palikuwa na nafasi tupu.

"Hapa ndipo penu," Fundi alisema, akampa Hayat penseli bapa ya seremala. "Usibonyeze sana. Jiwe halina haraka, nawe usiwe na haraka."

Kabla hajaanza, Mohdhar mwenye punda aliingia na gunia begani. Alilitua, akajifuta jasho, akainama kusoma. Mara akaruka nyuma.

"La haula! Fundi! Mwanizika lini?"

"Nini tena?"

"Jina langu hili! Na la baba! Mohdhar bin Bakr. Mimi ni mzima, nimekula mkate sasa hivi, nanyi mwaniandika na maiti!"

Fundi alicheka hadi akashika kiuno. "Majina hurudi, bwana. Huyo ni mwingine, wa zamani."

"Hata kama! Mke wangu akiliona hili, ataanza eda leo leo."

Wote walicheka, isipokuwa Hayat. Masikio yalimwaka moto. Fairuz alikuwa amemkazia macho, na Hayat alijua kwamba Fairuz naye amekumbuka yule punda.

Kicheko kilikatwa na sauti mlangoni. "Hodi hapa?"

Aliingia bibi mzee amevaa buibui, viatu vyake vimeloa maji ya bahari.

"Karibu, Bi," Fundi alisema. "Keti."

"Naitwa Bi Ruba. Nimetoka kisiwa cha Ndau kwa mashua ya alfajiri. Nimesikia jiwe la wapagazi laandikwa upya." Aliketi, akapumua. "Babu yangu alichukuliwa vita vile. Jeilani bin Harith. Baba yangu alikuwa mtoto wa kubebwa. Alikua akimngoja. Hata alipokuwa mzee, akisikia mtu mgeni ametia nanga, alitoka nje kutazama. Nataka kujua tu kama babu yangu yumo."

Mwalimu Huwaida alishika bamba kwa heshima, akasoma majina yote, moja baada ya jingine. Alisoma pole pole. Bi Ruba alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jina, kana kwamba anawasalimu. Yakafika ishirini.

"Hayumo, Bi," Mwalimu alisema kwa upole. "Pole sana."

"Basi." Bi Ruba alifunga fundo la leso yake, akalifungua, akalifunga tena. "Labda hakufika huko. Kuna watu walisema alitoroka njiani akaoa kwingine. Baba hakukubali maneno hayo hata siku moja. Nitawaambia nyumbani kwamba hayumo. Mashua yetu yaondoka saa tisa, maji yakijaa."

Alianza kuinuka. Hayat alitazama bamba. Jina la tano la upande wa mashariki. Mahali pa mtu fulani, na yeye amemweka mwenye punda. Kama angenyamaza, Jumamosi patasi ingeingia katika jiwe na uongo wake ungebaki pale watoto wa watoto wake wakiusoma. Kama angesema, penseli ingetoka mkononi mwake.

Aliiweka penseli mezani.

"Bi Ruba, usiende," alisema, na sauti yake ikatoka ndogo. "Mwalimu, jina la Mohdhar bin Bakr halikuandikwa kwenye jiwe. Nimelitunga. Nilimsikia mtu akimwita yeye, nikaandika. La kwenye jiwe sikuweza kulisoma. Fairuz hana kosa, nilimdanganya na yeye."

Nje punda alipiga kwato.

"Kumbe ni mimi kweli," Mohdhar alinong'ona.

Fundi Ghassan alichukua kitambaa chenye maji, akafuta mstari mmoja wa penseli. Kwa Hayat, kufutwa kwa jina lile kulikuwa kuzito kuliko kukemewa.

"Kwa hiyo," Mwalimu Huwaida alisema, "jina la tano liko wapi?"

"Bado liko pale, Mwalimu. Lakini halionekani. Makaa yamekataa, na jua..." Hayat alikuwa akimtazama Fundi, ambaye kwa mazoea alikuwa ameligeuza bamba ubavu kwa mlango ili aone kama penseli imefutika.

"Fundi! Mwanga wa mbele ni mwongo!"

"Eh?"

"Sisi tulisoma asubuhi. Upande ule unatazama mashariki, na jua lilikuwa linatupiga sawasawa kutoka mashariki. Hapakuwa na kivuli. Tunataka mwanga wa ubavuni!"

"Nina tochi ya simu," Mohdhar alisema.

"Itamezwa na jua," Fundi alimjibu. "Mchana huu tochi ni kama kibiriti baharini."

"Alasiri je?" Fairuz aliuliza. Alikuwa bado amenuna, lakini swali lilimshinda.

"Alasiri jua liko magharibi. Upande ule wote ni kivuli," Hayat alisema. Alifumba macho akaona jua likipanda kutoka baharini, likipita juu ya paa za Amu na kuteremka upande wa pili. Kuna wakati mmoja ambapo haliko mashariki wala magharibi. Alikuwa amefundishwa wakati huo chuoni, katika nyakati za sala. "Zawali!" alisema. "Jua linapofika katikati, kabla tu ya adhana ya adhuhuri. Hapo mwanga utapita kandokando ya upande ule, hautalipiga jiwe usoni."

Mwalimu alitazama saa. "Ni saa tano na nusu. Zawali leo ni kama saa sita na robo. Bi Ruba, utaweza kungoja?"

"Mwanangu," bibi alijibu, "ukoo wetu umengoja miaka mia. Dakika hizi ni kitu gani?"

Walikwenda wote, hata Mohdhar na punda wake. Walimweka Bi Ruba juu ya gunia la chokaa, Mohdhar akamkingia mwavuli. Saa sita kasoro robo, jiwe lilikuwa bado jeupe. Saa sita na dakika tano, Fairuz alisema anaona mstari, kumbe ni ufa. Hayat alipiga magoti, shavu lake karibu liguse jiwe.

Kisha mwanga ukateleza. Mfuo mmoja ukajaa kivuli, na mwingine, kama maji yanavyoingia katika nyayo mchangani.

"Naona kitu!"

"Unaona nini?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa ameshika daftari. "Sema unachokiona tu."

"Jim. Kisha ya. Kisha lam."

"Jeilani!" Bi Ruba alisimama, mkono kifuani. "Ndiye! Ni Jeilani, siye?"

Hayat alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini baada ya lam jiwe lilikuwa limeliwa.

"Sijui, Bi," alisema. "Nisamehe. Herufi tatu ninaziona. Zinazofuata zimekwisha. Siwezi kusema ninaziona."

"Endelea," Mwalimu alisema.

"Kuna bin. Iko wazi. Kisha ha. Katikati hapasomeki. Mwishoni kuna nukta tatu juu."

"Tha," Fairuz alisema, akapiga magoti naye, rula mkononi. Alipima pengo lililoliwa, akapima herufi za majina ya juu. "Pengo la kwanza lina sentimita nne. Hapa juu herufi tatu zinachukua nne. Basi zilikuwa kama tatu."

"Jeilani yabakiza alif, nun na ya," Fundi alihesabu kwa vidole. "Tatu. Inakaa."

"Kuna neno jingine mwisho, dogo," Hayat alisema. Alisogea. Kivuli kilikuwa kimeanza kufifia. "Nun... dal... alif, waw. Ndau! Mwalimu, imeandikwa Ndau! Hakuna jina jingine lenye neno Ndau!"

Adhana ikaanza msikitini. Jua lilivuka, upande ule wote ukaingia kivulini, na jiwe likawa tupu tena kana kwamba halikusema kitu.

Bi Ruba alilisogelea. Aliweka kiganja chake juu ya mahali pale pa vitundu, akakaa hivyo mpaka adhana ikaisha. Kisha akasoma Fatiha, nao wakaitikia amina.

"Hakutoroka," alisema. "Baba alisema hakutoroka."

Mwalimu aliandika daftarini: herufi hizi zimeonekana kwenye jiwe, hizi zimepotea, na jina kamili limetolewa na mjukuu wake, Bi Ruba wa Ndau. Fundi akasema atalichonga jina hilo kwanza, Jumamosi asubuhi, kabla ya mengine.

Bi Ruba aliomba ile karatasi ya makaa yenye madoa matupu. Hayat aliikunja, akaitia katika mfuko wa plastiki isilowe maji njiani. Bibi alimshika kidevu. "Ulinipa huzuni, na ukaniondolea siku hiyo hiyo, wewe mtoto," alisema. Akaenda zake gatini, Mohdhar akimbebea kikapu.

Waliporudi, Hayat alimwomba Fairuz msamaha.

"Macho yangu yana mchanga, siyo?" Fairuz alisema, akambana kwa kiwiko. Baadaye kidogo akacheka.

"Mstari wa juu wa bamba watauchora Harith na mwenzake," Mwalimu Huwaida alisema. "Unajua kwa nini?"

"Najua, Mwalimu." Ilimuuma, lakini alijua.

"Jumanne hukukosa kwa kutoweza kusoma. Jiwe lile linamshinda hata mtu mzima. Ulikosa ulipoona haya kuandika 'sijui'. Mtu akiandika sijui, mwingine atakuja kutafuta. Akiandika uongo, hakuna atakayetafuta tena, kwa sababu atadhani jibu lipo. Leo umesema sijui mbele ya bibi aliyetamani jibu, na hilo ni gumu zaidi kuliko hesabu zote ulizofanya. Sasa niambie. Lilikuwa somo gani?"

Hayat alifikiria mwezi na jua, kuzidisha na rula, makaa, kivuli, nyakati za sala na maji machafu ya porini.

"Yote, Mwalimu. Moja lisingetosha kumpata."

Jumamosi asubuhi alipita kwa Fundi Ghassan akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Fundi alikuwa amemaliza jina la kwanza. Alipuliza unga, akamwona.

"Njoo," alisema. "Jicho langu limechoka. Nitazamie kama mifuo iko sawa."

Hayat alivuka kizingiti. Alilishika bamba kwa mikono miwili, na Fundi akamsaidia kubeba uzito. Pamoja wakaligeuza, likakaa ubavu kwa mlango.